Nyanya kwenye ndoo na viroba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaopanda kwa mara ya kwanza

Majibu haya ni kwa mtu mwenye kibaraza, ua wa saruji au paa la nyumba, anayetaka kuchuma nyanya zake bila kuwa na shamba. Tofauti kubwa ya ndoo na shamba ni hii: shambani mzizi ukikosa maji juu, unashuka chini kuyatafuta. Kwenye ndoo hauna pa kwenda. Nyanya nyingi tunazoonyeshwa zikiwa na "ugonjwa" zina tatizo la maji au mizizi, na mwenyewe ameshatumia pesa kwenye dawa. Kwa hiyo, kabla ya kwenda duka la pembejeo, ingiza kidole kwenye udongo.

Mche mmoja unahitaji chombo cha ukubwa gani?

Lita 20, mche mmoja. Ndoo ya lita 10 inaweza kubeba nyanya ya aina fupi, lakini wakati wa matunda utamwagilia asubuhi na jioni kila siku, na siku moja ukisahau utaiona tofauti kwenye matunda. Usiweke miche miwili kwenye ndoo moja ya lita 20. Kila mwaka watu hujaribu, na matokeo ni yale yale: miche miwili dhaifu badala ya mmoja wenye nguvu.

Kiroba cha kilo 25 au 50 kinafaa sana na ni cha bei ndogo. Kikunje mdomo kwa nje hadi kibaki na kina cha sentimita 35 hivi, ndipo ujaze udongo. Kasoro yake ni kwamba jua hukila, na baada ya msimu mmoja au miwili kinaanza kuchanika nyuzi nyuzi. Ukikihamisha kikiwa kimejaa kinapasuka, hivyo kiweke mahali pake kabla ya kujaza.

Ndoo za rangi ya maji zinafaa zikioshwa vizuri. Zilizobeba dawa za mifugo, viuatilifu, oili chafu au kemikali za kiwandani usizitumie hata ukiziosha mara kumi.

Nitoboe matundu mangapi?

Manane chini, yenye unene wa kidole kidogo, na mengine mawili ubavuni, sentimita 2 kutoka kwenye kitako. Pasha msumari wa inchi 4 kwenye jiko la mkaa, ushike kwa koleo, utoboe ukiwa nje penye hewa kwa sababu moshi wa plastiki ni mbaya. Matundu ya ubavuni ni ya siku ambayo ya chini yameziba kwa udongo au kwa kubanwa na sakafu.

Kisha inua ndoo juu ya vipande viwili vya tofali. Ikikaa moja kwa moja kwenye saruji, maji hayatoki vizuri, na joto la saruji la mchana linapanda hadi kwenye mizizi. Watu wengi huweka kokoto chini ya ndoo wakiamini zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii, zinapunguza tu nafasi ya mizizi. Kipande cha neti au cha kiroba juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usimwagike.

Ndoo nyeusi ina ubaya gani?

Inashika joto. Upande unaopigwa na jua la alasiri, mizizi iliyogusa plastiki huungua, na utaona mche unanyong'onyea saa tisa ingawa udongo una maji. Ipake chokaa kwa nje au ivishe kiroba cheupe. Juu ya paa la zege hili si la hiari. Na ukiwa unapanga ndoo paani, kumbuka kwamba ndoo moja ya lita 20 ikilowa inaweza kufika kilo 25 au zaidi. Zipange kandokando, juu ya kuta zinazobeba, usizirundike katikati.

Udongo nichanganye vipi?

Usijaze ndoo kwa udongo wa uani peke yake. Ukimwagiliwa mara kadhaa unashikana kama tofali, na hewa haifiki kwenye mizizi. Mchanganyiko unaofanya kazi ni huu:

- ndoo 2 za udongo wa juu, tifutifu, uliochekechwa mawe na mizizi
- ndoo 1 ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa, au mboji
- ndoo 1 ya pumba za mpunga zilizounguzwa hadi zikawa nyeusi (si majivu). Ukizikosa, mchanga mnene wa mtoni

Mchanganyiko ukishachanganyika unapungua ujazo, kwa hiyo ndoo hizo nne hazitajaza vyombo vinne, bali vitatu na zaidi kidogo. Ikiwa udongo wa kwako tayari ni wa kichanga, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar es Salaam na pwani kwa ujumla, acha mchanga na ongeza mboji. Mchanga wa baharini usitumie kabisa.

Upime hivi: lowesha kidogo, finyanga donge kwenye kiganja, kisha ligonge kwa kidole. Likivunjika vipande vipande, uko sawa. Likibaki donge, ongeza pumba. Likishindwa hata kushikana, ongeza mboji.

Samadi mbichi ndiyo inayoua miche mingi ya mwanzo, hasa ya kuku. Samadi iliyoiva haina harufu ya zizi, haina joto ukiingiza mkono katikati ya rundo, na inamumunyuka vidoleni kama udongo. Ya kuku ikae angalau miezi mitatu, na itumie nusu ya kipimo cha ya ng'ombe.

Kuna haja ya kuuchoma udongo kabla ya kupanda?

Kama udongo ulitoka mahali palipolimwa nyanya, bilinganya, pilipili, ngogwe au viazi mviringo, ndiyo, au tafuta udongo mwingine. Njia isiyo na gharama ni jua: lowesha udongo, utandaze kwa unene wa sentimita 15, ufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga (si nyeusi), banisha kingo kwa mawe, uache wiki 4 hadi 6 za jua kali. Kwa udongo wa miche tu, ambao ni kidogo, mimina maji yanayochemka na uache upoe na kuchuja maji.

Nichague aina gani?

Kwa mara ya kwanza chukua aina fupi, inayokua hadi kimo fulani ikasimama: Cal J, Roma VF, Rio Grande au Tanya. Zinavumilia makosa, hazihitaji kupunguzwa matawi, na ganda lake ni gumu. Aina ndefu kama Moneymaker au Anna F1 (F1 ni alama ya mbegu chotara) zinaendelea kurefuka na kuzaa kwa muda mrefu, lakini zinadai kijiti cha mita 2, kufungwa kila wiki na mbolea zaidi. Nyanya ndogo za cheri ni rahisi kuliko zote kwenye joto, na kama una watoto nyumbani, anza nazo. Watazichuma kabla yako.

Mbegu inunue kwenye pakiti iliyofungwa, usome tarehe ya mwisho. Mbegu ya kupimiwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi haina uhakika.

Nisie mbegu mwezi gani?

Hesabu nyuma kutoka kwenye maua. Nyanya inashika matunda vizuri mchana ukiwa nyuzi 21 hadi 29 za Selsiasi na usiku ukiwa wa baridi kidogo. Mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35, au usiku ukibaki juu ya nyuzi 24, chavua inaharibika na maua yanapukutika. Ndiyo maana pwani, Desemba hadi Machi, mtu anaona mche mzuri wa kijani usio na tunda hata moja.

Kwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, tunashauri kusia mwishoni mwa Aprili hadi Mei. Mbegu ya tarehe 1 Mei inahamishwa mwanzoni mwa Juni, inatoa maua Julai wakati wa kipupwe, na unachuma kuanzia katikati ya Agosti. Nyanda za juu tatizo si joto, ni mvua na ubaridi. Huko panga matunda yakomae kiangazi, na epuka mche mkubwa kukutana na masika.

Nisie vipi, na kwa nini miche yangu inaanguka?

Tumia vikombe vya plastiki au chupa zilizokatwa, zilizotobolewa chini, zenye udongo uliochekechwa laini. Mbegu mbili kila kikombe, kina cha sentimita 1, funika, nyunyizia taratibu, weka kivulini. Zinachomoza siku ya 5 hadi ya 8. Zikichomoza tu, siku hiyo hiyo zitoe kivulini. Zikikosa mwanga kwa siku mbili zinarefuka na kuwa nyembamba, na mche wa namna hiyo haupati unene tena. Baada ya wiki moja kata ulio dhaifu kwa mkasi, usiung'oe.

Mche unaoanguka huku majani bado ni mabichi, na shina usawa wa udongo limekuwa jembamba kama uzi, una kinyausi. Ni ukungu wa udongoni, hauna tiba kwa mche uliokwisha kuanguka. Unakuja kwa maji mengi, udongo usio safi na miche iliyosongamana. Mwagilia asubuhi tu, acha uso wa udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena.

Lini na vipi nihamishe?

Wiki ya nne hivi, mche ukiwa na sentimita 15 na majani halisi 4 hadi 6. Wiki moja kabla, uzoeshe: punguza maji na uongeze saa za jua kila siku.

Hamisha jioni. Mwagilia kikombe saa moja kabla, kigeuze, toa mche na bonge lake la udongo bila kushika shina. Ukitaka kuushika, shika jani. Kisha kata majani mawili ya chini na uuzike hadi chini kidogo ya majani yaliyobaki. Shina la nyanya lina vinundu vidogo vyeupe, ukitazama kwa karibu utaviona, na kila kimoja kikifukiwa kinaweza kutoa mzizi. Ni zao mojawapo kati ya machache unayoweza kuyazika hivyo. Ukimfanyia hivyo mche wa pilipili au papai unaweza kuuozesha.

Simika kijiti siku hiyo hiyo. Ukikisimika baada ya mwezi, unachoma mizizi.

Nimwagilie mara ngapi?

Swali hili halina jibu la idadi, na anayekupa ratiba ya "mara mbili kwa siku" bila kuona ndoo yako anakupotosha. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Pakiwa na ubichi, ngoja. Pakiwa pakavu, mwagilia hadi maji yatoke matunduni. Kwa makadirio, mche mdogo kwenye ndoo ya lita 20 unatumia karibu lita 1 kila siku moja au mbili. Wenye matunda, siku ya joto na upepo, unaweza kumaliza lita 3 hadi 4.

Jifunze pia uzito. Inamisha ndoo kidogo baada ya kumwagilia, kisha uiinamishe tena asubuhi inayofuata. Baada ya wiki moja mkono wako utajua ndoo kavu kabla hata ya kidole.

Kuna jambo moja ambalo huwadanganya wengi. Udongo wenye mboji ukikauka kabisa hunywea na kuachana na ukuta wa ndoo. Unaona mwanya mwembamba pembeni kote. Ukimwaga maji hapo yanapita kwenye huo mwanya na kutoka chini kwa sekunde chache, nawe unaamini umemwagilia, kumbe katikati ni vumbi. Ukiona maji yametoka haraka mno, ingiza ndoo kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 8 kwa nusu saa, au mwagilia kikombe kimoja kimoja ukipumzika dakika kumi kati ya kimoja na kingine.

Majani kulegea saa saba mchana na kusimama tena jioni si ugonjwa. Yakiwa yamelegea asubuhi, hapo kuna tatizo: ama udongo ni mkavu, ama umelowa siku nyingi mizizi ikaoza. Vyote viwili vinaonekana sawa kwa macho, na ukimwagilia ule wa pili unaumaliza. Kidole kitakuambia ni upi.

Tandaza nyasi kavu au majani ya migomba yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 5, ukiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina. Kwa mahali penye mgao wa maji hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote. Mwagilia udongoni, si majanini.

Kisima chetu kina chumvi. Nifanyeje?

Dalili ni kingo za majani kukauka rangi ya kahawia na utando mweupe juu ya udongo au kwenye matundu ya ndoo. Kama maji ukiyaonja unasikia chumvi, mche nao unaisikia. Changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua au ya bomba. Kila baada ya wiki mbili au tatu, osha udongo: mimina taratibu maji matamu lita 30 hadi 40 kwenye ndoo ya lita 20, yapite na kutoka yote. Baada ya hapo weka mbolea upya kidogo, kwa sababu nayo imeondoka. Na kwa maji haya usitumie majivu.

Mbolea gani, kiasi gani?

Kidogo, mara nyingi. Vipimo vya shambani kwenye ndoo vinaunguza.

Wakati wa kuhamisha, samadi iliyo ndani inatosha kwa wiki mbili. Baada ya hapo, ukitumia za dukani, nusu kijiko cha chai cha NPK 17-17-17 (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) kila baada ya wiki mbili, ukiisambaza pembeni ya ndoo, vidole vinne kutoka kwenye shina, kwenye udongo uliolowa, kisha umwagilie. Tunda la kwanza likifika ukubwa wa gololi, badilishana: safari moja NPK, safari nyingine nusu kijiko cha CAN, ambayo pamoja na naitrojeni ina kalisi. Usiweke mbolea yoyote kwenye udongo mkavu.

Ukitaka bila ya dukani: weka kilo 5 za samadi iliyooza kwenye kiroba, funga mdomo, kining'inize kwenye pipa lenye lita 50 za maji, funika, koroga kila siku kwa siku 10 hadi 14. Changanya kikombe kimoja cha hayo na viwili vya maji safi, lita 1 kwa ndoo kila wiki, udongoni tu. Majani ya alizeti pori yaliyokatwakatwa ukiyaongeza humo yanaleta potasiamu, ambayo matunda yanaihitaji.

Mche umestawi sana lakini hautoi maua. Kwa nini?

Naitrojeni nyingi, au jua kidogo. Majani yakiwa ya kijani kizito, manene, yanayojikunja kuelekea chini, simamisha CAN, urea na samadi ya kuku kwa wiki tatu. Kama shina ni jembamba na vifundo, pale majani yanapotokea, vimeachana mbali, ni mwanga: nyanya inadai saa 6 za jua kwa uchache. Kibaraza kinachopata jua kwa muda wa saa 3 tu kipandie mchicha.

Maua yakija na kuanguka, angalia joto, kisha ukavu, kisha upepo. Ua la nyanya linajichavusha lenyewe lakini linahitaji kutikiswa. Kwenye kibaraza kilichozungukwa na ukuta, gonga kijiti kwa kidole kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kila siku maua yanapokuwa wazi. Inachukua sekunde.

Nyanya zinaoza kitakoni, pana weusi kama ngozi. Ni dawa gani?

Hakuna dawa, kwa sababu si ugonjwa. Ni kalisi haikufika kwenye tunda, na mara nyingi sana kalisi imo udongoni; kilichokosekana ni maji ya kuisafirisha. Ndoo iliyokauka Jumanne, ikafurikishwa Jumatano, ikakauka tena Ijumaa, itakupa vitako vyeusi hata ukiijaza chokaa. Naitrojeni nyingi inazidisha.

Toa matunda yaliyoathirika, hayatapona. Sawazisha maji, ongeza matandazo, na matunda yanayofuata yatakuwa salama baada ya wiki mbili hivi. Maganda ya mayai yaliyosagwa hayana ubaya, ila yanachukua miezi kuoza. Yachanganye kabla ya kupanda, usiyategemee kama tiba.

Nipunguze matawi?

Aina fupi: usipunguze, ondoa tu majani yanayogusa udongo. Aina ndefu: ondoa maotea, yaani machipukizi yanayotoka kwenye kwapa kati ya jani na shina, yakiwa chini ya sentimita 5, kwa vidole, asubuhi penye jua ili kidonda kikauke. Bakiza shina moja au mawili. Mvutaji sigara anawe mikono kwa sabuni kwanza. Virusi vya tumbaku vinaweza kuhamia kwenye nyanya kupitia vidole. Kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu nikotini ni sumu kwa mtu pia, hatushauri kunyunyizia maji ya ugoro.

Funga kwa kamba laini ya kitambaa kwa umbo la nane, ili kijiti na shina visisuguane.

Mche umenyauka wote ghafla ukiwa kijani. Ni nini?

Kama udongo una unyevu wa kawaida, shuku mnyauko wa bakteria. Kata shina karibu na udongo, kipande cha sentimita 10, ukitumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Ikiwa ni mnyauko, ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka polepole kutoka kwenye kidonda. Hauna tiba. Toa mche na udongo wake wote, usiutupe bustanini, osha ndoo na kisu kwa sabuni kisha kwa dawa ya kufanyia usafi yenye klorini. Uzuri wa ndoo unaonekana hapa: jirani yake hauguswi, mradi maji ya ndoo mgonjwa hayakutiririka kwenda kwake.

Majani yana michoro na madoa ya makovu yanayopitisha mwanga. Je, ni kantangaze?

Inawezekana sana. Nyanyua jani kwenye jua: ukiona kiwavi kidogo cha kijani kibichi kati ya ngozi mbili za jani, na vinyesi vyeusi pembeni, ndiye. Mdudu huyu, Tuta absoluta, asili yake ni Amerika ya Kusini, na aligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2014. Wakulima wakubwa wanahangaika naye kwa sababu anazoea dawa upesi. Mwenye ndoo tano ana silaha ambayo mwenye heka tano hana: macho na vidole. Kagua kila jani kila siku ya pili, chuma lenye mchoro, tia kwenye mfuko wa nailoni, funga, acha juani siku mbili. Nondo wake huruka usiku. Beseni la maji yenye sabuni chini ya taa litakamata baadhi, lakini kazi kubwa ni ya kuchuma.

Na majani yanayojikunja kwenda juu, mche ukadumaa?

Wakulima wanauita rasta. Ni virusi vinavyoletwa na nzi weupe, wale wanaopeperuka kama unga ukigusa mche. Ukiupata mche kabla ya maua, hautazaa cha maana. Ung'oe mapema kuliko kuuonea huruma ukaambukiza mingine. Ukiupata ukiwa na matunda, acha yaive, yanaliwa bila shida, mradi uzuie nzi.

Kwa nzi weupe na vidukari: gramu 50 za kokwa za mwarobaini zilizotwangwa, lita 1 ya maji, laza usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko cha chai cha sabuni ya maji. Nyunyizia jioni, chini ya majani hasa, kila siku ya tano hadi ya saba. Jaribu kwanza kwenye jani moja. Kinga bora ni kufunika miche kwa neti yenye matundu madogo sana wiki zake nne za kwanza. Neti ya mbu ya kawaida ina matundu makubwa kwa nzi weupe.

Mvua zikianza?

Sogeza ndoo chini ya upenu. Jani lililokaa na maji kutwa kucha ndilo linalopata bakajani chelewa: mabaka ya kijivu-kijani kama yamemwagiwa maji moto, na asubuhi ya baridi utaona ukungu mweupe chini ya jani. Linaweza kumaliza mche ndani ya siku chache. Bakajani wahi ni la polepole, linaanza majani ya chini, na doa lake lina miduara kama shabaha. Yote mawili: kata majani mapema, panua nafasi kati ya ndoo hadi sentimita 60. Ukiamua kutumia dawa ya shaba au mankozebu, inyunyizwe kama kinga kabla ya ukungu kuenea, kwa kipimo cha lebo, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuchuma zilizoandikwa hapo. Nyanya hizi ni za mezani kwako.

Nitachuma lini, kiasi gani?

Aina fupi huanza siku 70 hadi 85 baada ya kuhamisha. Kilo 2 hadi 3 kwa ndoo ya lita 20 ni mavuno mazuri ya mara ya kwanza. Aina ndefu iliyotunzwa inazidi hapo.

Si lazima ingoje kuwa nyekundu juu ya mche. Ikianza kuwaka rangi ya waridi kitakoni, chuma, iive ndani. Unaziwahi ndege na unapunguza kupasuka. Kupasuka kunakuja maji mengi yakiingia ghafla baada ya ukame. Zikikomaa lakini zikabaki za manjano-chungwa wakati wa joto kali, ni joto linalozuia wekundu. Zichume zikamalizie kivulini. Friji iepuke, baridi chini ya nyuzi 10 inaua ladha yake.

Naweza kutumia mbegu za nyanya zangu, na udongo ule ule?

Mbegu ndiyo, kama si F1. Chukua tunda lililoiva kabisa kutoka mche usio na ugonjwa, kamua kwenye glasi, acha siku 2 au 3 hadi juu pawe na povu na harufu ya uchachu, osha, zilizozama ndizo nzuri. Anika kwenye sahani kivulini, si karatasi, kwa sababu zitaganda. F1 itaota, ila watoto hawatafanana na mama.

Udongo usirudishie nyanya wala jamaa zake. Ongeza ndoo moja ya mboji kwa kila ndoo tatu, panda kunde au mchicha, halafu sukuma wiki, na nyanya irudi baada ya misimu miwili au mitatu. Mizizi ya zamani ichambue kabla: ukikuta vinundu kama shanga vilivyovimba kwenye mizizi, hao ni minyoo fundo, na udongo huo uanike kwa nailoni wiki sita kabla ya kupanda chochote ndani yake.